Matumbawe ya Urithi: Kuyatambua na Kuyatunza Katika Tangi la Kioo

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa redioni. Walio katika vikundi vya kusikiliza wayasome tena pamoja, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

MTANGAZAJI: Tafadhali wekeni kalamu na karatasi karibu, maana leo kuna hesabu kidogo. Mwalimu wetu amekwisha kufika.

Somo la leo limetokana na barua. Imeandikwa na bibi mmoja wa Mombasa, naye ameomba jina lake lisitajwe. Nitaisoma. "Kwa Mwalimu. Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba mjomba wangu alifariki dunia mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Katika vitu alivyoniachia mna tangi la kioo lenye maji ya bahari lita 300. Ndani yake mna mawe, samaki 4, na vitu 14 ambavyo yeye alikuwa akiviita matumbawe. Alilitunza tangi hili miaka 9. Mimi sijui hata tumbawe moja kwa jina. Kila siku maji hupungua kiasi cha lita 2, nami kila asubuhi huongeza maji ya bahari ninayoletewa kwa ndoo. Sasa ni siku 30, na matumbawe mengi yamejifunga, mengine yamegeuka meupe. Ndugu zangu wanasema nimwage vyote baharini, niuze kioo. Moyo wangu haukubali. Nifanye nini?"

MWALIMU: Ahsante. Bibi huyu ametunza kwa moyo safi, tena kwa bidii. Lakini katika barua yake mwenyewe amekwisha kutuonyesha jambo lililoyadhuru matumbawe yake. Mmelisikia?

MTANGAZAJI: Mimi sikulisikia, Mwalimu.

MWALIMU: Ni ile ndoo ya kila asubuhi. Tuanze hapo, maana mgonjwa akivuja damu, huzuiwa damu kwanza, ndipo akaulizwa jina lake.

CHUMVI HAIPANDI NA MVUKE

Maji ya tangi yanapopungua, yanakwenda wapi? Yanageuka mvuke. Nanyi mnajua jinsi chumvi inavyopatikana pwani: maji ya bahari hutiwa katika mabwawa mapana, jua hupandisha maji, chumvi hubaki chini. Basi tangi la bibi huyu ni bwawa dogo la chumvi. Maji hupanda, chumvi hubaki.

Sasa shikeni kalamu. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Lita 300 zina gramu 10,500, yaani kilo 10 na nusu. Lita 2 kila siku kwa siku 30 ni lita 60. Lita 60 za maji ya bahari zina gramu 2,100. Jumlisheni: gramu 12,600. Zigawanyeni kwa lita 300. Mmepata ngapi?

MTANGAZAJI: Nimepata 42.

MWALIMU: Ni 42 badala ya 35. Wasikilizaji wetu walioko Ghuba huenda wakasema, "Mbona kwetu matumbawe huishi katika maji makali kama hayo?" Ni kweli, katika Ghuba chumvi hupita gramu 40. Lakini matumbawe ya kule yameyazoea maji hayo tangu vizazi vingi. Haya ya Mombasa yamebadilishiwa maji kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: maji yaliyopungua kwa mvuke hurudishwa kwa maji matamu, si kwa maji ya bahari. Na yawe maji matamu yaliyochujwa kabisa. Maji ya mfereji yana dawa ya klorini, na huenda yana shaba kutoka katika mabomba. Shaba ni sumu kwa matumbawe, hata ikiwa kidogo sana. Tena dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba, basi msitie dawa ya samaki katika tangi lenye matumbawe.

MTANGAZAJI: Basi leo atoe maji mengi, atie maji matamu, chumvi irudi 35?

MWALIMU: La, hasha! Hapo ndipo wengi huua. Mnyama aliyepandishiwa chumvi polepole hushushiwa polepole vilevile. Nilimwandikia bibi huyu atafute kipimo cha chumvi katika vitu vya marehemu, naye alikiona katika saraka. Kilionyesha 42, kama hesabu yetu. Nikamwambia: toa lita 7 za maji ya tangi, tia lita 7 za maji matamu yenye joto sawa na la tangi. Chumvi itashuka gramu 1 tu. Siku ya pili mwachie mnyama apumzike. Rudisha tu maji yaliyopotea kwa mvuke. Siku ya tatu pima, ukafanye tena. Baada ya majuma mawili atakuwa amefika 35.

TUMBAWE NI NINI?

Sasa tumjue aliyemo ndani. Watu wa zamani walibishana: wengine walisema tumbawe ni jiwe, wengine walisema ni mmea. Katika karne ya 18 daktari mmoja wa Ufaransa, Jean-André Peyssonnel, aliyatazama matumbawe mekundu yakiwa hai majini, akaona kwamba yale yaliyoitwa maua yake ni wanyama. Wataalamu wa Paris hawakumsadiki mara moja, lakini yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Tumbawe moja mara nyingi ni kundi la wanyama wadogo walioshikamana. Kila mmoja huitwa polipi. Polipi ana mdomo mmoja, na kuuzunguka mdomo huo ana minyiri, kama ya pweza lakini midogo sana. Katika minyiri hiyo mna sumu ya kuwasha, kwa maana huyu ni jamaa ya konyeza. Usiku hunyosha minyiri akashika vijidudu vinavyopita na maji.

Ndani ya nyama yake hukaa wapangaji: mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huu hupokea nuru, hutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Ndiyo sababu matumbawe mengi hutaka taa kali kiasi cha saa 8 hadi 10 kila siku, na giza usiku.

Matumbawe magumu yana kazi nyingine: yanajenga. Huchukua chokaa iliyoyeyuka majini, yakaifanya mfupa. Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani, maana wamechoma matumbawe katika tanuu kupata chokaa, na wamejengea mawe ya matumbawe nyumba na misikiti. Nendeni Kilwa Kisiwani au Gedi mkatazame kuta. Kuta zile ni kazi ya polipi kabla hazijawa kazi ya mwashi.

Basi mahitaji yake ni matatu: nuru ya kutosha, maji safi yanayokwenda, na maji yasiyobadilika ghafula, yenye chokaa ndani yake.

JINSI YA KUYATAMBUA

MTANGAZAJI: Mwalimu, bibi ana matumbawe 14 wala hajui majina. Aanzie wapi?

MWALIMU: Achore. Achukue daftari, achore tangi, kila tumbawe alipe namba. Kisha kwa siku 7 atazame mara mbili: mchana taa zikiwaka, na usiku kwa tochi, saa moja baada ya taa kuzimwa. Aandike nani amefunguka na nani amejifunga.

Asitegemee rangi. Tumbawe moja likiwa chini ya taa nyingine huweza kugeuka kutoka kahawia kuwa kijani. Wala asihangaike kutafuta jina la mwisho kabisa, kwani hata wataalamu mara nyingi hulazimika kutazama mfupa kwa kioo cha kukuzia. Kwa kazi ya kutunza, yatosha kujua kundi. Ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: maji yakipita, je, mwili mzima unayumba? Kama unayumba, hilo ni tumbawe laini, lisilo na mfupa mgumu. Kama nyama tu inacheza na chini pako imara, hilo ni gumu.

Swali la pili: polipi ana minyiri mingapi? Ikiwa ni 8, na kila mmoja una vitawi pembeni kama unyoya wa ndege, huyo ni wa jamaa ya matumbawe laini. Matumbawe magumu huwa na minyiri kwa hesabu ya sita-sita. Kwa mfano, liko tumbawe lenye polipi warefu kama shada la maua, liitwalo Goniopora. Kila polipi ana minyiri 24. Liko jingine linalofanana nalo sana, Alveopora, lakini hilo lina 12. Mwenye kuhesabu hakosei.

Swali la tatu, kwa magumu tu: midomo ni mikubwa au ni vitundu vidogo? Kwa majibu haya mtapata makundi manne.

Kundi la kwanza ni laini. Mfano wake ni Sarcophyton, lenye umbo la uyoga mnene. Hili hutaka nuru ya kiasi na mkondo wa kiasi. Mara kwa mara hujifunga siku kadhaa, likavaa ngozi inayong'aa kama nta, kisha likaivua. Mgeni hudhani limekufa, kumbe linajisafisha.

Kundi la pili ni magumu yenye polipi wakubwa, kama Euphyllia, ambalo minyiri yake mirefu hucheza majini. Hutaka nuru ya kiasi na mkondo mpole. Kipande kidogo cha kamba mara moja kwa juma hulifaa. Lakini lina vita! Usiku hunyosha minyiri mirefu ya kupigania, likamchoma jirani. Galaxea ni kali zaidi. Yawekeni mbali na mengine, kiasi cha sentimita 20 au zaidi.

Kundi la tatu ni magumu yenye polipi wadogo, kama Acropora yenye matawi, na Montipora yenye vibamba. Haya hutaka nuru kali, mkondo wenye nguvu unaobadilika-badilika, na chokaa isiyopungua. Ndiyo magumu kuliko yote kuyatunza, na ndiyo hufa kwanza tangi likiharibika.

Kundi la nne ni machache: yale yasiyo na mwani ndani. Tubastraea, lenye rangi ya chungwa iliyoiva, ni mfano wake. Hili halipati chakula kwa nuru, basi kila polipi lazima alishwe mara kadhaa kwa juma. Usipolilisha, hufa njaa mbele ya macho yako, polepole.

ONYO

MTANGAZAJI: Bibi aliandika tena kwamba juu ya jiwe moja kuna vitu kama vifungo vya shati, vya kahawia, vingi, naye anataka kuvikwangua au kuchemsha jiwe.

MWALIMU: Asikwangue wala asichemshe! Wasikilizaji, hapa tafadhali acheni mazungumzo mengine. Vifungo hivyo ni jamaa ya matumbawe, na vingine, hasa viitwavyo Palythoa, vina sumu kali sana. Wataalamu waliitenga sumu hiyo mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa wa Hawaii. Katika nchi mbalimbali watu wamechemsha au wamesugua mawe yenye vifungo hivi ndani ya nyumba, mvuke ukawaingia, na nyumba nzima wakapelekwa hospitali. Kwa hiyo: usichemshe jiwe lolote la tangi. Usiingize mkono wenye kidonda. Vaa glavu, kinga macho, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Watoto wasiingize mikono kabisa.

MAJI YA KILA JUMA

MTANGAZAJI: Chumvi ikirudi 35, kazi ya kila siku ni ipi?

MWALIMU: Kila siku atazame joto, liwe kati ya digrii 24 na 27 za sentigredi. Kila siku arudishe maji matamu yaliyopotea. Kila juma abadilishe sehemu moja katika kumi ya maji, yaani lita 30, na hapa ndipo maji ya bahari yanapofaa. Ayachote wapi? Ayachote bahari ikiwa imejaa, mbali na mito na mifereji ya mji, wala si baada ya mvua kubwa, maana masika maji ya pwani huwa yamechanganyika na uchafu wa nchi kavu. Kwanza ayapime chumvi. Akikosa maji safi, kuna chumvi maalumu ya tangi inayochanganywa na maji yaliyochujwa. Chumvi ya kupikia haifai.

Kwa kuwa ana matumbawe magumu, apime chokaa kwa vile vipimo vya matone. Kalisi iwe miligramu 400 hadi 450 katika lita. Alikali iwe digrii 7 hadi 11 za kipimo chake, isipande wala kushuka zaidi ya digrii 1 kwa siku. Kama matumbawe magumu ni machache, kubadilisha maji kila juma hutosha kurudisha chokaa. Yakikua na kuwa mengi, itabidi kuongeza.

Yale mawe asiyasugue kwa maji ya mfereji. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, Indonesia, alieleza jinsi alivyotunza tangi la bahari kwa mawe yaliyo hai na hewa ya pampu tu. Tangu hapo watu wamejifunza kwamba mawe hayo yamejaa vijidudu vinavyoondoa sumu ya uchafu wa samaki. Ukiviua, umeondoa mafagio ya nyumba.

Na umeme ukikatika? Taa si neno kwa siku moja. Mwendo wa maji na hewa ndio unaohitajika upesi. Awe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Usiku huo asilishe samaki.

WEUPE WA NAMNA TATU

MTANGAZAJI: Amesema mengine yamegeuka meupe. Je, yamekufa?

MWALIMU: Weupe una namna tatu. Weupe wa ncha tu, juu ya matawi ya Acropora, ni weupe wa kukua, furahini. Weupe wa mwili wote, na ukitazama karibu unaona nyama nyembamba na minyiri, ni kupauka: mwani umetoka, lakini mnyama yu hai na ana njaa. Huyo apunguziwe ukali wa taa, apewe chakula kidogo, asihamishwe-hamishwe, huenda akapona. Weupe wa tatu ni mfupa mtupu usio na nyama, na baada ya siku chache hufunikwa na ukungu wa kijani. Huyo amekufa.

Kupauka huku kulitokea baharini mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kubwa, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Tangu hapo kumetokea tena mara kadhaa. Yanayotokea katika tangi la bibi ni mfano mdogo wa jambo kubwa.

JE, AYAMWAGE BAHARINI?

MWALIMU: Sasa nijibu neno la ndugu zake. Asimwage. Wapo watakaosema, "Yametoka baharini, yarudi baharini." Lakini bahari ipi? Matumbawe mengi ya biashara hutoka mbali, kama Indonesia. Yanaweza kubeba maradhi na wadudu ambao bahari yetu haiwajui. Tazameni mfano wa upande wa pili. Yuko samaki mwenye miiba ya sumu, Pterois, ambaye kwetu ni mwenyeji. Mwaka 1985 alionekana katika bahari ya Florida, Marekani, na inaaminika kwamba alitupwa kutoka katika matangi ya watu. Leo ameenea hadi Karibi, akila samaki wachanga wa huko, wala hakuna awezaye kumwondoa.

Wala asiende kuvunja matumbawe mengine baharini kujaza nafasi za yaliyokufa. Katika hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku. Na mwenye kutaka kuvusha matumbawe magumu kwenda nchi nyingine, hata kama ni urithi, lazima apate kibali, kwa kuwa yamelindwa na mapatano ya mataifa yaitwayo CITES.

Kama kazi hii itamshinda, si aibu. Ampe mtu anayefuga na anayejua, pamoja na daftari lake. Urithi wa mali hungoja kwenye sanduku mpaka mrithi awe tayari. Urithi wenye uhai haungoji.

MTANGAZAJI: Mwalimu, jana imefika barua ya pili. Nasoma kipande chake. "Nimefuata lita 7 kila baada ya siku moja. Chumvi sasa ni 35. Matumbawe 3 yamekufa, yote ya matawi, nimesikitika sana. Katika yaliyopauka, 2 yameanza kurudisha rangi. Jana usiku nilimulika kwa tochi nikaona lile namba 6, lililokuwa limejifunga tangu msiba, limenyosha minyiri. Nilimwita mama yangu aje atazame. Alikaa mbele ya kioo kitambo, kisha akasema, 'Kaka yangu alikuwa akikaa hapa hapa kila usiku.' Ndugu zangu hawasemi tena habari za kuuza."

MWALIMU: Amefanya vyema. Na yale 3 yaliyokufa ayaandike katika daftari pia, pamoja na sababu, ili asirudie. Kwaherini, wasikilizaji.

MASWALI YA VIKUNDI

1. Tangi lina maji lita 200. Kila siku hupotea lita 1 kwa mvuke, na mwenyewe huongeza lita 1 ya maji ya bahari. Baada ya siku 40, kila lita itakuwa na gramu ngapi za chumvi? (Jibu: 42.)
2. Kwa nini chumvi iliyozidi haishushwi kwa siku moja?
3. Tumbawe lina polipi wenye minyiri 8 yenye vitawi kama unyoya. Liko katika kundi gani, na litunzwe vipi?
4. Elezeni tofauti kati ya tumbawe lililopauka na lililokufa.
5. Jirani anataka kuchemsha jiwe la tangi jikoni. Mtamwambia nini?